MARIA OROSA: BIBI ALIYEFANYA AKIBA ISIOZE

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Kwa fedha na nafaka kavu msemo huo ni kweli, lakini aliyekaa Pwani wakati wa msimu wa maembe anajua kuwa ziko akiba zinazooza, tena upesi kuliko mwenyewe awezavyo kuzila. Ngowe, dodo na boribo hujaa sokoni Kongowea mpaka bei ikaanguka, na yale yasiyopata mnunuzi hubaki chini ya miembe yakawa chakula cha nzi na kunguru. Miezi michache baadaye watoto wa nyumba hiyo hiyo hutumwa dukani kununua maji ya matunda yaliyotiwa koponi ng'ambo.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya bibi mmoja aliyeiona hali kama hiyo katika nchi yake, akakataa kuizoea. Naye ni Maria Orosa wa visiwa vya Ufilipino. Kwao ni mtu mashuhuri, na barabara moja katikati ya Manila, mji mkuu wao, huitwa kwa jina lake. Kwetu jina hilo halijasikika sana, ingawa Wafilipino wenyewe si wageni machoni petu. Mabaharia wao tangu zamani hushuka bandarini Kilindini, na dada zetu waendao kufanya kazi Saudia, Qatar na Dubai hukaa nao nyumba moja na hupika nao jiko moja.

JIKO LA JIRANI

Najua msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa ataniuliza mapema: je, Wafilipino si ndio walao nguruwe? Naam, wengi wao ni Wakristo na nyama hiyo ndiyo ipendwayo sana. Katika sherehe zao nguruwe mzima huokwa juu ya makaa. Kiko kitoweo kiitwacho dinuguan, ambacho ni matumbo yaliyopikwa kwa damu. Iko na adobo, ambayo aghalabu hupikwa kwa nyama hiyo hiyo. Bia nayo haiko mbali na meza zao, kwani Manila ilipata kiwanda chake cha bia, San Miguel, tangu mwaka wa 1890. Maria Orosa mwenyewe alitoka katika nyumba ya Kikristo. Alitia adobo na dinuguan makoponi, na akatengeneza mvinyo wa matunda ya kwao. Sitayaficha hayo, kwa sababu maisha ya mtu husimuliwa yalivyokuwa.

Lakini ukiiondoa nyama hiyo na kinywaji hicho, jiko linalobaki ni la jirani yetu wa bahari moja. Lina wali kila siku, tui la nazi, samaki, ndizi za kupika, muhogo na mbirimbi wa kutia ukali mchuzini. Papai bichi huchunwa likatiwa siki, na kwao huitwa atsara. Neno hilo ni ndugu wa achari yetu, kwani yote mawili yalisafiri kutoka Bara Hindi na Uajemi pamoja na wafanya biashara. Wana pia samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki na viungo, aitwaye escabeche. Jina hilo walilipata kwa Waspanyola, na Waspanyola walilipata kwa Waarabu wa Andalusi, na asili yake ni sikbaj, kitoweo cha siki kilichopendwa Baghdad enzi za Bani Abbas.

Siki yenyewe ndiyo nguzo ya jiko lao, na ndiyo siri ya adobo. Nyama huchemshwa kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga na sosi ya soya mpaka mchuzi ukakauka, nayo huweza kukaa siku kadhaa bila barafu wala friji. Yeyote atakaye huipika kwa kuku, na Wafilipino wenyewe hufanya hivyo. Siki hiyo aghalabu hutoka mnazini. Mgema hugema, na tembo, ambalo wao huliita tuba, huachwa likachacha mpaka likawa siki. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa kileo kikigeuka siki chenyewe, pasipo kutiwa kitu, huwa kimetoharika. Na siki ni kitoweo kilichosifiwa na Mtume wetu (S.A.W.). Kwa hiyo tusimkimbie bibi huyu kwa sababu ya sufuria moja. Tumsikilize kwa sufuria nyingine zote.

KUZALIWA KWAKE

Maria alizaliwa tarehe 29 Novemba, katika miaka ya mwanzo ya 1890, mjini Taal, katika mkoa wa Batangas ulioko kusini ya Manila. Mji huo uko karibu na ziwa kubwa lenye mlima wa moto katikati yake. Baba yake, Simplicio Orosa, alikuwa nahodha wa meli. Mama yake, Juliana Ylagan, alikuwa na duka la bidhaa mjini Bauan. Maria alikuwa wa nne katika watoto wanane, na bila shaka mtoto alelewaye baina ya meli na duka hujua mapema kitu kipi huja kutoka ng'ambo na kitu kipi ni cha nyumbani.

Ulikuwa wakati wa misukosuko. Waspanyola walikuwa wameitawala nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka wa 1896 wananchi walinyanyuka kuudai uhuru wao, na nahodha Simplicio aliitumia meli yake kuwavusha wapiganaji. Mwaka wa 1898 Uhispania ilishindwa vitani na Marekani, ikaiachia visiwa hivyo kwa dola milioni 20, kana kwamba ni shamba lenye minazi. Wafilipino waliokuwa wameshajitangazia uhuru wao wakajikuta wanapigana na bwana mpya. Maria, kabla ya kufikia umri wa miaka kumi, alikuwa ameona bendera mbili za wageni zikipandishwa katika nchi yake.

Nyumba hiyo ilitoa watu wa kazi. Ndugu yake Vicente alikuja kuwa waziri wa ujenzi. Ndugu yake mwingine, Sixto, alisomea udaktari, na habari zake zitawapendeza Waislamu. Yeye na mkewe, ambaye pia alikuwa daktari, walikwenda kufanya kazi Jolo, katika visiwa vya Sulu, kusini kabisa ya Ufilipino. Huko ndiko Uislamu ulikoingia tangu karne ya 14, na hata Manila ilikuwa na mtawala Mwislamu, Raja Sulayman, wakati Waspanyola walipoichukua mwaka wa 1571. Sulu ilikuwa na masultani wake, na Waspanyola hawakuweza kuwatia mkononi sawasawa kwa karne nyingi. Daktari Sixto alitibu watu hao, na mwaka wa 1923 kikatoka kitabu chake juu ya visiwa hivyo na wenyeji wake. Huko Sulu nguruwe haonekani jikoni. Nyama ya ng'ombe hupikwa kwa nazi iliyochomwa mpaka ikawa nyeusi, na mchuzi wake huitwa tiyula itum.

SAFARI YA MAREKANI

Mwaka wa 1916 Maria alivuka bahari akaenda Seattle, magharibi ya Marekani, kwa msaada wa masomo wa serikali. Aliingia Chuo Kikuu cha Washington, akasomea kemia ya madawa mpaka akapata shahada ya kwanza na ya pili, kisha akaongeza kemia ya vyakula. Tukumbuke ni miaka gani hiyo. Mwanamke wa Kiasia kusimama katika maabara ya Wazungu, akiwa amevaa koti jeupe na kushika chupa za dawa, halikuwa jambo la kawaida.

Msaada wa serikali haukumtosha, naye hakuona haya kufanya kazi za mikono. Likizo za kiangazi alikwenda Alaska, kwenye baridi kali, kufanya kazi katika viwanda vya kutia samaki makoponi. Wafilipino wengi wa siku hizo walikwenda huko kutafuta riziki. Wengi walirudi na mshahara tu. Maria alirudi na mshahara na elimu. Pale aliona kuwa kopo si uganga. Samaki husafishwa, hutiwa koponi, hewa hutolewa, kopo huzibwa kabisa, kisha hupikwa kwa mvuke wenye nguvu mpaka vijidudu viletavyo uozo vikafa. Vikishakufa, na vingine visipopata njia ya kuingia, chakula hukaa miaka. Kanuni hiyo haichagui samaki wa Alaska wala embe la Batangas.

Alipomaliza masomo alitakiwa awe msaidizi wa mkemia wa serikali ya jimbo la Washington, kazi ambayo wakati huo ilikuwa nadra kupewa mtu asiye Mzungu. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara mzuri. Wangapi wetu wameipata nafasi kama hiyo ng'ambo, wakaingia, wakasahau njia ya kurudi? Mwaka wa 1922 Maria alifunga mizigo yake akarudi Manila.

KAZI YA NYUMBANI

Kwanza alifundisha elimu ya mapishi na nyumba katika chuo cha Centro Escolar. Kisha akaingia Idara ya Sayansi ya serikali, katika kitengo cha kuhifadhi vyakula, na baadaye akawa mkuu wa kitengo hicho katika Idara ya Mimea. Serikali ilimtuma ng'ambo kuangalia viwanda na kujifunza njia mpya, naye kila aliporudi alikuja na swali lile lile: jambo hili litafanywaje kwa vitu tulivyo navyo?

Swali hilo lilikuwa zito. Chini ya utawala wa Marekani maduka ya Manila yalijaa makopo ya Kimarekani: maziwa, samaki, matunda, unga wa ngano na sosi. Shuleni watoto walifundishwa kupika kwa vitu hivyo, na jamaa waliojiona wamestaarabika waliweka kopo mezani liwe pambo. Wakati huo huo matunda ya nchi yalioza shambani. Maria aliona kuwa hapo pana hasara mbili. Fedha hutoka nje ya nchi, na watu hujifunza kukidharau chakula chao wenyewe. Hasara hii ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo mbaya zaidi, kwani fedha hurudi lakini heshima ikishatoka huchukua vizazi kuirudisha.

Basi akaanza kazi. Alifaulu kulitia embe koponi lisiharibike wala lisipoteze utamu wake. Alisaga muhogo na ndizi akapata unga wa kuokea mikate na biskuti, ili watu wasitegemee ngano ambayo haioti kwao. Kalamansi, lile limau lao dogo la kijani, alilifanya unga ambao mtu huukoroga kwa maji akapata sharubati. Alitoa siki katika mananasi. Alipika jeli ya mapera. Mwani wa bahari aliufanyia kazi mpaka ukatoa ule utomvu wa kugandisha vyakula. Jambo hilo la mwani linatugusa, kwa sababu mbegu za mwani ambao wanawake wa Unguja huulima pwani zililetwa kutoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980.

VIJIJINI KWA WANAWAKE

Wataalamu wengi wangetosheka na maabara. Wangeandika ripoti, ripoti ikapigwa mhuri, ikawekwa kabatini ikaliwa na mende. Maria alijua kuwa elimu ya jiko isiyofika jikoni ni bure. Alianzisha vyama vya wanawake wa mashambani na akafundisha walimu wa kwenda kwao. Vyama hivyo vikaenea mikoani na wanachama wakafika maelfu. Wanawake walifundishwa kufuga kuku, kuhifadhi mavuno, kupanga chakula cha nyumba kilicho na nguvu kwa gharama ndogo, na kuuza kile kilichozidi.

Hapo alikutana na kizuizi kingine. Mapishi mengi ya kuoka yalitaka tanuri, na vijijini hakukuwa na umeme wala tanuri. Maria hakuwaambia wanawake wangoje umeme. Alichukua palayok, chungu cha kawaida cha udongo ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, akakifanyia utaratibu kikawa tanuri ya kuokea juu ya moto wa kuni. Msomaji wa Pwani hatashangaa, kwa sababu bibi zetu huoka mkate wa sinia kwa makaa ya chini na makaa ya juu ya kifuniko, na hukatoka mkate usioshindwa na wa kiwandani. Ila huko kwao mtu mwenye shahada mbili za kemia aliinama akakisoma chungu cha maskini kama alivyovisoma vitabu vya Seattle.

SOSI YA NDIZI

Kitu kilichomtangaza Maria kuliko vyote ni sosi ya ndizi. Ile sosi nyekundu ya nyanya tutiayo juu ya chipsi na bhajia, Wafilipino waliipenda tangu ilipoletwa na Wamarekani. Lakini nyanya hazikustawi vizuri katika hali yao ya hewa, na chupa zilizotoka Marekani zilikuwa ghali. Ndizi zilikuwa tele. Maria alichukua ndizi, akaziponda, akazipika kwa siki, sukari na viungo, akapata sosi nzito yenye ukali na utamu. Rangi yake ya asili ni ya hudhurungi, kwa hiyo watengenezaji huitia rangi nyekundu ifanane na ya nyanya. Mwaka wa 1942 Mfilipino mwingine, Magdalo Francisco, alianza kuitengeneza kwa biashara, nayo ikaenea nchi nzima.

Mimi niliionja miaka mingi iliyopita kwa baharia mmoja wa Kifilipino aliyekuwa na chupa yake ndani ya mkoba. Alikuwa ameitoa kwao Manila, akavuka nayo bahari mbili, akatia tone juu ya samaki wetu wa kukaanga katika mkahawa wa Mombasa. Nilipoambiwa ni ndizi sikuamini mpaka niliporudia mara ya pili. Nikajiuliza jambo ambalo bado najiuliza. Sisi tuna mkono wa tembo, bokoboko na mzuzu, ndizi za kila namna. Ni baharia gani wa Kiswahili abebaye chupa ya kwao mkobani?

Sosi hiyo Wafilipino wenyewe huihesabu kuwa chakula chao cha asili, na watoto wao walioko Marekani na Arabuni huitafuta madukani. Kitu kilichoanza kwa kuigiza cha mgeni kimekuwa cha mwenyeji. Nadhani ndivyo itupasavyo kuchukua vya watu, tuvichukue mpaka viwe vyetu, tusivinunue tu.

PUMBA ILIYOOKOA WATU

Kazi ninayoiheshimu zaidi, hata kuliko sosi, ni ile ya pumba za mpunga. Watu walao wali daima hupenda mchele mweupe uliokobolewa vizuri. Sisi tuko hivyo hivyo. Pumba tunawapa kuku. Lakini ndani ya pumba hiyo mna vitamini ambayo mwili ukiikosa hupata ugonjwa wa beriberi: miguu huvimba au hufa ganzi, mtu hushindwa kutembea, na mwisho moyo hulegea. Watoto wanyonyao kwa mama mwenye upungufu huo hufa ghafula. Ufilipino ilizika watoto wengi kwa ugonjwa huo. Katika Idara ile ile ya Sayansi ya Manila, kabla ya Maria kuingia, wataalamu walikuwa wameshatambua kuwa maji ya pumba huwaponya watoto hao.

Maria aliichukua pumba, ambayo kwa lugha ya Kitagalogi huitwa darak, akaokea biskuti zinazolika. Dawa ikawa chakula. Mtoto hakulazimishwa kumeza kitu kichungu, bali alipewa biskuti na akaomba nyingine. Kisha akachukua maharagwe ya soya, akayafanya unga wenye nguvu nyingi aliouita Soyalac. Kijiko chake kikikorogwa kwa maji humpa mtu utomwili ambao angeupata kwa nyama au maziwa. Vitu hivyo viwili, pumba na soya, havikuwa na fahari yoyote. Ndivyo vilivyokuja kusimama baina ya watu na mauti.

VITA

Wajapani waliingia Manila tarehe 2 Januari 1942. Raia wa Kimarekani na wa nchi nyingine zilizopigana na Japani walikusanywa wakafungiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Santo Tomas, chuo cha kale kilichoanzishwa mwaka wa 1611. Humo walijaa watu zaidi ya 4,000, wanaume, wanawake na watoto. Askari waliotekwa, Wafilipino na Wamarekani, walipelekwa kwenye kambi kama ile ya Capas, ambako walikufa kwa maelfu. Kadiri vita vilivyoendelea, chakula cha wafungwa kilipungua mpaka watu wakawa mifupa.

Maria alijiunga na kikosi cha wapiganaji wa msituni kilichoitwa cha Marking, akapewa cheo cha kapteni. Silaha zake zilikuwa zile zile za siku zote. Aliendelea na kazi yake ya serikali kama kawaida, lakini biskuti za darak na unga wa Soyalac vilipitishwa kwa siri mpaka ndani ya Santo Tomas na kambi nyingine. Mafundi seremala walioruhusiwa kuingia walibeba vipande vya mianzi. Mwanzi una tundu ndani, na ndani ya tundu mlikuwa na unga. Mlinzi aliona fundi na miti yake, akampisha. Wafungwa wengi waliotoka hai walipata nguvu zao kwa unga huo. Nao wengi wao walikuwa raia wa taifa lile lile ambalo kazi za heshima lilikuwa likiwapa Wazungu kwanza. Maria hakuliweka hilo mizanini.

KIFO CHAKE

Tarehe 3 Februari 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Manila na kuwatoa wafungwa wa Santo Tomas. Watu walidhani taabu imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Wajapani hawakuuacha mji. Walipigana nyumba kwa nyumba na kuwachinja raia, na Wamarekani nao waliupiga mji kwa makombora. Vita hivyo vilidumu mwezi mmoja, na raia wapatao 100,000 walipoteza maisha. Manila, uliokuwa mmoja wa miji mizuri ya Asia, uligeuka kifusi.

Jamaa na marafiki walikuwa wamemsihi Maria atoke mjini. Walikuwa na kwao Batangas, na njia za kutorokea zilikuwapo. Akakataa. Alijiona ni askari, na askari haachi lindo lake. Kwake lindo lilikuwa ofisi ya vyakula. Tarehe 13 Februari 1945, akiwa kazini, kipande cha kombora kilimjeruhi. Walimtia katika mkokoteni wakamsukuma mpaka hospitali ya Remedios, mtaa wa Malate. Hospitali hiyo nayo ikapigwa makombora akiwa ndani, na kipande kingine kikampiga moyoni. Akafa hapo hapo, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei. Makombora yaliyokuwa yakianguka siku hiyo yalirushwa na watu ambao wenzao alikuwa amewalisha gizani kwa muda wa miaka mitatu.

Alizikwa haraka pamoja na maiti wengine, kama ilivyokuwa siku hizo. Mahali alipolala palipotea kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 2020 jiwe la kaburi lenye jina lake lilipopatikana katika uwanja wa shule moja huko Malate.

ALICHOKIACHA

Mwaka wa 1970 binti ya ndugu yake, Helen Orosa del Rosario, alitoa kitabu cha maisha ya shangazi yake, na ndani yake akatia mapishi yake yapatayo 700. Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wangu wasimame kidogo. Vita viliteketeza majengo na maabara, lakini mapishi 700 yalibaki kwa sababu yaliandikwa. Lau yangekuwa kichwani mwake peke yake, yangezikwa naye pale Malate.

Na sisi je? Hatukosi elimu ya akiba. Wazee wetu walikausha muhogo wakapata makopa. Walimpasua nguru wakamtia chumvi na jua wakapata ng'onda, ambaye alisafiri kwa jahazi mpaka Arabuni. Mabibi zetu walijaza mitungi ya achari ya maembe mabichi, ya ndimu na ya pilipili, na mtungi huo ulifunguliwa mwaka wa pili ukiwa salama. Hayo yote ni kemia, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Tofauti ni kwamba kwa Wafilipino alitokea mtoto wa nyumbani aliyekwenda ng'ambo, akasoma, kisha akarudi kuiheshimu elimu ya mama yake, akaipima, akaiandika na akaipeleka vijijini. Watoto wetu wengi wanasoma kemia. Wangapi wamewahi kuuliza kwa nini achari ya bibi yao haiozi?

Nasikia watu wakisema kuwa bila kiwanda kikubwa cha serikali maembe ya Pwani yataendelea kuoza. Kiwanda ni kitu kizuri na tukidai. Lakini maisha ya bibi huyu yanaonyesha kuwa kazi yaweza kuanza kwa chungu, siki, makaa, na chama cha akina mama ishirini wa kijiji kimoja wanaokutana baada ya alasiri. Mwenye mama au bibi aliye hai ajuaye kukausha, kuvundika, kutia siki au kutia chumvi, basi na akae naye na daftari wiki hii. Aandike kipimo, aandike siku ngapi juani, aandike chombo gani. Maembe ya msimu ujao hayatungojei.